Malengo ya Tiba kwa Mtoto Mwenye Shida ya Kula na Kumeza: Namna ya Kuyaandika na Kuyafuata Nyumbani

Ukifungua mafaili ya watoto wanaoletwa kliniki kwa sababu ya kula kwa shida, utakutana mara kwa mara na sentensi hii: "Kuboresha uwezo wa kumeza." Haiwezi kukosolewa kwa sababu haisemi kitu. Mama hajui aanzie wapi, nyanya anayeachiwa mtoto mchana hajui abadilishe nini, na mtaalamu mwenyewe baada ya miezi mitatu hawezi kusema kama limetimia. Kwangu lengo zuri lina mtihani mmoja: nyanya huyo, akiwa na kikombe cha uji mkononi saa saba mchana, aweze kusomewa lengo, amtazame mtoto, na ajue kama leo limefikiwa au la.

Mwongozo huu ni wa wazazi na walezi, wahudumu wa afya ya jamii, na wenzetu wa OT (tiba ya kazi) na fizio (tiba ya viungo) ambao huku Kisumu, Kakamega, Busia na kwingineko magharibi mwa Kenya ndio wanaobeba kazi hii, kwa kuwa wataalamu wa usemi na umezaji ni wachache. Mifano yangu ni ya mtoto mwenye utindio wa ubongo, yaani CP. Aliyezaliwa njiti, mwenye mdomo sungura au mwenye sindromu ya Down anafuata mpangilio uleule, ila mambo kadhaa hubadilika na machache nitayataja.

Kabla ya yote: je, leo ni siku ya malengo?

Kuna siku ambayo kazi ni kumkimbiza mtoto hospitalini, malengo yangoje. Anahema mbio au mbavu zinaingia ndani. Midomo imegeuka rangi. Ana homa na kifua kinakoroma. Amekataa kunywa kabisa, au hajakojoa tangu asubuhi. Mkanda wa kupimia unene wa mkono unasoma chini ya sentimita 11.5 kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, yaani rangi nyekundu ya utapiamlo mkali, au miguu yote miwili imevimba. Hapo usianze kuhangaika na vijiko.

Mtoto aliyetoka tu kwenye degedege, au aliyelevywa na dawa ya kifafa, halishwi chochote mpaka awe macho kabisa. Dawa ikimfanya asinzie kila wakati wa mlo, mwulize daktari kama saa za kuimeza zinaweza kusogezwa. Usizisogeze mwenyewe.

Mtoto anayeugua nimonia mara kwa mara ahesabiwe kuwa anapaliwa hadi ithibitike vinginevyo, hata kama hujawahi kumsikia akikohoa akila. Wapo watoto ambao chakula huwaingia mapafuni kimya kimya, bila kikohozi wala machozi. Kwa hao, ukihesabu vikohozi peke yake utadhani mambo ni shwari.

Hatua ya 1: Tazama mlo mmoja mzima

Ukimwuliza mama "anakula vizuri?", utajibiwa "anakula kidogo kidogo", na mtabaki mlipokuwa. Omba kuona mlo wa kawaida: chakula chao, kijiko chao, mlishaji wao wa kila siku. Kama huwezi kufika nyumbani, waje na chakula kliniki, au mama arekodi video kwa simu tangu kijiko cha kwanza hadi cha mwisho. Cha mwisho ni muhimu kuliko cha kwanza, kwa sababu wengi huanza vizuri na kuharibikiwa wakishachoka.

Anza na saa. Mlo unaopita dakika 30 unamchosha mtoto kuliko unavyomshibisha, na mama anayelisha dakika 50 mara tatu kwa siku hana muda wa genge lake wala wa watoto wengine. Hilo nalo ni tatizo la tiba, liandike.

Kisha tazama mwili kabla ya mdomo. Mara nyingi utamkuta mtoto amelazwa chali mapajani, kichwa kimeangukia kwenye kiwiko cha mlishaji. Kichwa kikilala nyuma, chakula huteremka chenyewe kooni kabla mtoto hajajiandaa kumeza, na njia ya hewa ipo wazi. Halafu mdomo: midomo inafunga juu ya kijiko au chakula kinapanguswa kwenye meno ya juu? Ulimi unasukuma chakula nje? Taya linauma kijiko na kukataa kuachia? Baada ya kumeza, kinywani kumebaki kitu?

Sikiliza pia. Sauti ya majimaji, kama mtu anayeongea na mate kooni, ina uzito kuliko kikohozi kimoja cha nguvu, maana kikohozi cha nguvu ni mlinzi anayefanya kazi yake. Machozi kulengalenga, jasho usoni, pumzi kwenda mbio, mtoto kukakamaa mgongo: andika kila kimoja na chakula kilichokileta. Kupaliwa na chai ni jambo moja, kukwamwa na ugali ni jambo lingine, na malengo yake hayafanani.

Chungulia kinywani. Meno yaliyooza, utando mweupe wa fangasi, au choo kigumu cha siku nne vinaweza kumfanya mtoto akatae chakula bila kuwa na shida yoyote ya kumeza.

Hatua ya 2: Panga kipi kitangulie

Usalama, kisha lishe na maji, kisha amani ya mlo, ndipo stadi. Nimeshuhudia mipango inayoanzia nyuma: mtoto ana mkanda wa manjano, yaani lishe yake imepungua, anapaliwa kila akinywa, na lengo la kwanza kwenye faili ni "ajilishe kwa kijiko". Kujilisha ni jambo zuri. Zamu yake haijafika.

Amani ya mlo huachwa nje mara nyingi. Mtoto aliyewahi kubanwa pua ili afungue mdomo, au kumiminiwa uji akiwa analia, anajifunza kwamba kijiko ni adui. Analia, anavuta pumzi kwa nguvu, na uji unaifuata pumzi. Kwa mtoto wa namna hiyo lengo la kwanza linaweza kuwa hili tu: akae kwenye mlo dakika 15 bila kushikwa kichwa, na mlishaji asimame kila anapogeuza uso. Wanafamilia watasema anadekezwa. Waeleze sababu, kwa upole, na nyanya awepo mnapoeleza.

Kwa watoto wa CP kuanzia miaka 3 kuna kipimo kiitwacho EDACS, kilichotolewa Uingereza mwaka 2014, chenye ngazi 5: ya kwanza anakula na kunywa salama na kwa wepesi, ya tano hawezi kula wala kunywa salama. Kinawasaidia wote wawili, mzazi na mtaalamu, kuongea ukweli. Mtoto wa ngazi ya nne usimwandikie lengo la kutafuna nyama choma kufikia Krismasi. Mwandikie kinachoweza kuwa bora ndani ya ngazi yake: mlo mfupi, kifua kikavu, uzito unaopanda.

Na kwa wa ngazi ya tano, lengo linaweza kuwa lishe ipite kwenye mpira wa puani au wa tumboni, huku mdomo ukibaki kwa kuonja tu, kama wataalamu wataona kuonja ni salama. Wazazi wengi husikia neno mpira na kudhani wameambiwa mtoto amekatiwa tamaa. Kinyume chake, mtoto anayeshiba bila vita hupata nguvu ya kucheza.

Hatua ya 3: Andika lengo lenyewe

Lengo likamilike kwa mambo sita: nani anafanya, anafanya nini, kwa chakula na chombo gani, amekaaje na anasaidiwaje, kiasi gani, na kufikia lini. Ukiacha moja, nyanya atalijaza kwa kukisia.

Tuchukue mtoto wa mfano. Ana miaka mitatu, CP, anaishi mtaa wa Nyalenda, Kisumu. Mkanda unasoma manjano. Analishwa akiwa amelazwa mapajani, kikombe cha uji kinamalizika kwa dakika 50, chai inampalia karibu kila anapoinywa. Asubuhi hulishwa na mama, mchana na dani yake, yaani nyanya.

Lengo kubwa, la miezi mitatu: *Mtoto atamaliza kikombe kimoja (mililita 250) cha uji mzito uliotiwa karanga au omena, kwa dakika 30 au pungufu, akiwa amekaa wima kwenye kiti chake, akilishwa na mama au dani kwa kijiko kidogo, asubuhi na mchana, siku 5 kati ya 7, bila sauti ya majimaji baada ya kumeza. Uzito wake utakuwa umepanda kila mwezi.*

Ni refu, najua. Ndiyo maana halibandikwi ukutani. Kinachobandikwa ni vipande vyake:

*Wiki 2 za kwanza: kila mlo anakaa kwenye kiti, nyonga zimerudi nyuma kabisa, miguu imekanyaga kitu, kidevu kimeinama kidogo.*

*Wiki ya 3 na ya 4: kijiko kinawekwa katikati ya ulimi, kinabonyezwa kidogo, mlishaji anangoja mdomo wa juu ushuke. Anafunga midomo mwenyewe mara 5 kati ya vijiko 10 vya kwanza.*

*Wiki ya 5 hadi ya 8: vinywaji vyote, hata maji ya dawa, vinapewa kwa uzito uliokubaliwa kliniki, kwa kikombe kilichokatwa upande wa pua.*

Kipande cha kwanza hakimgusi mtoto mdomoni kabisa, bali kinabadilisha kazi ya mlishaji, na hilo ni halali. Kwa mtoto mdogo, nusu ya malengo ya mwanzo huwa ni ya watu wazima. Kiti nacho si lazima kiwe cha kununuliwa: fundi seremala anaweza kutengeneza kiti cha kona, na wapo watu wa OT wanaojua kujenga viti imara kwa tabaka za katoni na gundi ya unga. Kikombe kilichokatwa ni kikombe laini cha plastiki, kipande cha ukingo kimeondolewa ili pua ipite, naye anywe bila kuinua kidevu. Ukingo ulainishwe usimkate.

Usiandike zaidi ya malengo mawili au matatu kwa wakati mmoja. Na usiandike "asikohoe kamwe". Hata wewe hupaliwa.

Hatua ya 4: Kubalianeni uzito wa uji, kisha mupime

Hapa ndipo mipango mingi huvunjikia, kwa hiyo nitakaa kidogo. "Uji mzito" wa mama si "uji mzito" wa dani. Mfumo wa kimataifa wa IDDSI unapanga vinywaji na vyakula kwa ngazi 0 hadi 7, na kipimo chake cha vinywaji kinahitaji bomba la sindano la mililita 10 tu, bila sindano. Ziba mdomo wa bomba kwa kidole, jaza hadi alama ya 10, achia kwa sekunde 10, ziba tena, soma kilichobaki. Kikibaki chini ya mililita 1 ni mwepesi kama maji. Kikibaki 1 hadi 4 ni ngazi ya 1, 4 hadi 8 ni ngazi ya 2, na zaidi ya 8 huku kikiendelea kudondoka ni ngazi ya 3. Kisipotoka kabisa ni ngazi ya 4, ambayo hupimwa kwa kijiko: ukiinamisha, chakula kinatoka kwa mkupuo mmoja na kijiko hakibaki kimegandwa. Mabomba hayafanani, linalofaa lina sentimita 6.15 kutoka alama ya 0 hadi ya 10. Uji wenye chenga huziba tundu ukakudanganya kuwa ni mzito, basi chuja kwanza.

Pima uji ulivyo wakati wa kulisha, si sufuriani. Uji wa wimbi au mahindi ukipoa hukaza. Ukitiwa kimea hulegea, maana kimea huvunja wanga. Kwa mtoto asiye na shida ya kumeza hiyo ni faida kubwa, kwa huyu wetu inaweza kuwa hatari. Na mate hufanya kazi ileile. Kijiko kinachotoka mdomoni na kurudi kikombeni kinapeleka mate, na baada ya dakika ishirini uji ulioanza mzito umekuwa majimaji. Mama anakuambia: "Akifika mwisho ndiyo anapaliwa." Je, amechoka, au ni uji umelegea? Jaribu hivi: gawa uji kwenye vibakuli viwili, cha pili kikae kimefunikwa hadi cha kwanza kiishe. Kikohozi kikitoweka, shida ilikuwa mate. Kikibaki, mtoto anachoka, na lengo libadilike kuwa milo midogo mitano badala ya mikubwa mitatu.

Mtoto aliyezaliwa njiti asiongezewe uzito wa maziwa kwa unga au dawa yoyote bila daktari. Utumbo wake unaweza kudhurika. Mchanga wa njiti hupata mpangilio wa kunyonya, kumeza na kupumua karibu na wiki ya 34 ya ujauzito, kwa hiyo malengo yake huanza na kunyonya kwa vipindi vifupi vyenye mapumziko. Mwenye kaakaa lililopasuka ashikiliwe wima akinyonya au akinyweshwa maziwa ya mama yaliyokamuliwa, na lengo lake kuu ni uzito utakaomfikisha kwenye upasuaji akiwa na nguvu.

Vyakula vigumu navyo vina mitego yake. Ugali uliovunjwavunjwa ndani ya mchuzi mwepesi huonekana laini, kumbe ni kati ya vyakula vigumu zaidi: mtoto anahangaika na bonge, mchuzi umeshatangulia kooni. Ugali laini uliopondwa na mrenda hushuka pamoja, na huku kwetu mrenda haukosekani sokoni. Kama chakula ni cha kusagwa chenye vijichenga, vijichenga vya mtoto visizidi milimita 2. Kama ni laini cha kukatwa, vipande visizidi milimita 8. Omena isagwe na kuchungwa. Mbuta ichambuliwe miiba kwa vidole, si kwa macho. Karanga nzima hapana, hata kama anazililia. Siagi ya karanga iyeyushwe ndani ya uji, isilambishwe kwa kijiko maana hunata kooni.

Uji mzito wa maji na unga peke yake hushibisha tumbo bila kujenga mwili. Kijiko cha chai cha mafuta ya kupikia kinaongeza karibu kalori 40 bila kuongeza ujazo. Ongeza maziwa, parachichi, yai lililopondwa. Uangalie maji pia: mtoto anayepewa vinywaji vizito hunywa kidogo kuliko unavyodhani, na choo kigumu na mkojo wa rangi iliyokolea vitakuambia.

Hatua ya 5: Stadi, zamu yake ikifika

Kifua kikitulia na uzito ukipanda, sasa ni zamu ya kutafuna. Kipande kirefu cha kiazi kitamu kilichochemshwa kikalainika, ukubwa wa kidole chembamba, huwekwa pembeni juu ya magego, si katikati ya ulimi. Katikati atakinyonya, pembeni taya na ulimi vinaitwa kazini. Lengo: *atauma na kutafuna vipande 3 kila upande mwanzoni mwa mlo wa mchana, kabla hajachoka.* Kabla ya kuanza, kila mlishaji aonyeshwe kliniki huduma ya mtoto aliyekwamwa: mapigo 5 ya mgongoni katikati ya mabega, kisha misukumo 5 ya kifua kwa aliye chini ya mwaka, au ya tumbo kwa aliyezidi mwaka, kwa kupokezana hadi kitoke.

Kupuliza baluni, kupiga filimbi, kusugua mashavu kwa barafu: siyaandiki kama malengo. Ni michezo mizuri, lakini mtoto hujifunza kula kwa kula. Kama mtaalamu amekupa mazoezi ya namna hiyo, mwulize yanaelekea kwenye mlo upi na lini.

Mtoto anayechagua chakula kupita kiasi, kama baadhi ya wenye usonji, ana ngazi zake: avumilie chakula kikiwa mezani, akiguse, akinuse, akilambe, ndipo akile. Lengo la mwezi mzima linaweza kuwa kugusa parachichi.

Hatua ya 6: Pima, kisha badilisha

Njia rahisi niipendayo ilibuniwa Marekani na Kiresuk na Sherman mwaka 1968 kwa huduma za afya ya akili, na leo inatumika kwingi. Kila lengo linapewa ngazi tano kabla hamjaanza. Kwa mtoto wetu: kubaki dakika 50 kama sasa ni −2, dakika 40 ni −1, dakika 30 tuliyotarajia ni 0, dakika 25 ni +1, dakika 20 ni +2. Siku ya kurudi hakuna ubishi wala kuoneana haya.

Nyumbani inatosha kalenda ya ukutani. Mlishaji anaweka alama kwa kila mlo: dakika, na duara kama sauti ilikuwa ya majimaji. Siku ya homa au kifua kukoroma inapigwa mstari mwekundu. Asiyejua kusoma anaweza kuweka alama hizo. Saa ya simu inamtosha. Uzito upimwe kila mwezi na uandikwe kwenye Kijitabu cha Mama na Mtoto.

Wiki mbili zikipita bila mabadiliko, uliza kwanza kama mpango unafuatwa mchana, kabla ya kumlaumu mtoto. Wiki nne zikipita na unafuatwa, lengo lilikuwa kubwa mno, au tatizo lilikuwa jingine. Lipunguze au lifute. Mistari miwili myekundu ndani ya mwezi: simamisha malengo ya stadi na umrudishe kwa daktari.

Baada ya kila mlo, akae wima nusu saa, na kinywa kifutwe kwa kitambaa safi chenye unyevu au mswaki laini. Mate yenye uchafu yakipotea njia huleta nimonia hata kwa mtoto asiyelishwa kwa mdomo.

Kwenda wapi, na kubeba nini

Anza na kliniki ya OT katika hospitali ya kaunti. Kesi ngumu hupelekwa kwenye hospitali za rufaa: ya Jaramogi hapa Kisumu, ambayo wengi bado wanaiita Russia, Kakamega, Nakuru, au Moi kule Eldoret. Uliza mapema, kwa simu, siku ya kliniki ya watoto wenye CP na kama anayeshughulikia ulishaji yupo, kabla hujalipa nauli. Kumwandikisha mtoto kwa Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu kuna msaada wake baadaye, na mhudumu wa afya ya jamii atakuelekeza pa kuanzia.

Siku hiyo beba kikombe na kijiko anachotumia nyumbani, hata kama vimechakaa. Beba unga uleule mnaopikia, dawa zake zote, kijitabu, kalenda, na video ya mlo wa jana. Mtoto afike akiwa na njaa kiasi, si ameshashiba kwenye matatu. Na kama anayemlisha mchana ni dani, tafuta namna dani aje pia; mpango utaandikwa kwa ajili yake.